Bolti za Shemeji

Fundi Taratibu alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, mbele ya kibanda chake kando ya barabara, tangu jua halijachomoza vizuri, akiigonga bolti ile ile kwa nyundo ndogo. Hakuipiga kwa hasira. Aliigonga kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe: tak, tak, anasubiri, anadondosha tone la mafuta, anabisha tena. Mafuta yenyewe aliyachanganya mwenyewe, ya taa kidogo na ya gia kidogo, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Ile dawa ya kutu ya kupuliza ilikuwa imepanda bei mpaka Mama Vipuri, mwenye duka la jirani, akaitoa rafuni na kuificha nyuma ya kaunta.

"Shemeji, inatoka au haitoki?"

"Itatoka."

"Lini?"

"Ikishachoka."

Aliyeuliza alikuwa mdogo wa mwisho wa mke wake, kijana mwenye watoto wawili na mwili usiotulia. Mtaa mzima ulimwita Mkate, kwa kuwa kila alfajiri alipakia makreti ya mikate kiwandani na kuyasambaza madukani kwa pikipiki yake. Leo hakwenda. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, anainuka, anachungulia bolti, anakaa tena. Pikipiki ile ilikuwa kila kitu alichokuwa nacho, na ilikuwa imechakaa kiasi kwamba rangi ya tangi ilibaki kwenye kona tu.

Gari la matangazo lilikuwa limezunguka wiki nzima likipiga kelele kwa spika. Kila pikipiki ya biashara ipelekwe kwenye yadi ya ukaguzi, namba ya injini ilinganishwe na ya kwenye kadi, halafu ipewe stika. Mwisho ni leo. Kuanzia kesho, isiyo na stika haitembei. Kiwanda cha mikate nacho, ambacho hakikuwahi kujali hata kama breki za Mkate zinashika, kilibandika tangazo mlangoni: hakuna stika, hakuna mzigo. Na nyuma ya Mkate kulikuwa na vijana wengi wenye pikipiki mpya waliokuwa wakiusubiri mzigo huo kwa hamu.

Tatizo lilikuwa kwamba namba ya injini ya Mkate haikuonekana. Ilikuwa nyuma ya kipande cha bati nene la chuma, na bati lilikuwa limefungwa kwa bolti nne, na bolti zile zilifungwa zisifunguke mpaka siku ya kiama. Aliyezifunga ni Taratibu mwenyewe.

Hakuna aliyemlaumu, hata kama Mkate alipenda kumtania. Miaka ile wezi walikuwa wakiiba kabureta maegeshoni, mchana kweupe, mtu akiingia tu dukani kushusha mikate. Ya Mkate iliibwa mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda kituoni kutoa taarifa, akaambiwa arudi kesho, na kesho akaambiwa alete shahidi. Mara ya pili hakwenda popote ila kwa shemeji yake. Taratibu akakunja bati la kuziba ubavu wote wa injini pamoja na kabureta, akalifunga kwa bolti zile zenye tundu la pembe sita kichwani, kisha katika kila tundu akagongelea gololi ya chuma iliyotoka kwenye beringi mbovu. Gololi ikishaingia, funguo haiingii. Mwizi anapapasa, anaguna, anahamia pikipiki ya jirani. Chini ya bati aliacha kitundu cha kumwagia uchafu wa kabureta, na tangu hapo haikuguswa tena. Vijana wengine walipoona, walipanga foleni wafanyiwe vivyo hivyo. Tangu siku zile kopo la gololi halijawahi kukosekana kwenye mkoba wa Taratibu.

"Ulifunga kama unamzika mtu," Mkate alisema.

"Uliniambia nifunge mpaka mimi mwenyewe nishindwe kuiba."

"Nilikuwa natania."

"Mimi sikujua. Nilikuwa kazini."

Asubuhi ilipokuwa imechangamka, bolti ya kwanza ilisalimu amri. Taratibu alikibana kichwa chake kwa koleo la kujifunga, lile linalong'ata na kubaki limeng'ata hata ukiliachia, akalisukuma taratibu kwenda kushoto, kisha kulia kidogo, kisha kushoto. Alikuwa na msemo wake: bolti iliyoshika usiitoe, ihamishe kwanza. Ilitoa mlio mwembamba unaosisimua meno, halafu ikazunguka. Ya pili ilifuata baada ya kubembelezwa sana. Mkate aliinuka akapiga kofi moja, akakaa. Taratibu alinyoosha bega la kulia, lile linalomuuma tangu siku alipoangukiwa na injini, na kwa mara ya kwanza siku ile akafikiri huenda mambo yatakwenda.

Hapo ndipo alipofika mtoza ushuru.

Alikuwa mtu mnene mwenye kofia safi na kimashine cha risiti kilichoning'inia shingoni. Hakusalimia. Aliangalia zana zilizotandazwa kwenye gunia, akaangalia mfereji wa barabara, akapima kwa macho.

"Umetoka nje ya mstari, mzee."

"Mstari upi, bwana? Sijawahi kuuona."

"Utachorwa. Ila ada imeshaanza. Gunia lako liko kwenye hifadhi ya barabara."

"Nipe mpaka jioni. Nina kazi ya ndugu hapa, haina hela. Jioni nitakuwa na kazi ya mtu."

"Kila mtu ananiambia jioni," alisema mtoza ushuru, na sauti yake haikuwa ya ubaya, ilikuwa ya mtu anayedaiwa hesabu na wakubwa zake. "Nami jioni naulizwa." Akainama, akaokota koleo la kujifunga, lililokuwa bado na mafuta, akalifuta kwa karatasi. "Hili nalishika. Ukija ofisini kulipa, unalichukua."

"Bwana, chukua kingine. Chukua hata jeki. Hilo nalitumia sasa hivi."

"Jeki nzito."

Akaenda nalo. Mkate alitaka kumfuata, Taratibu akamshika suruali. Alijua watu waliowafuata watoza ushuru. Walirudi bila koleo na bila meno. Lakini moyoni ilimuuma, tena sana. Koleo lile lilikuwa mkono wake wa tatu, na mtu yule alilichagua kwa sababu moja tu, kwamba lilikuwa jepesi kubeba.

"Sasa?" Mkate aliuliza.

"Sasa tindo."

Kwa tindo unachonga ukingo wa kichwa cha bolti, halafu unaugonga kwa mshazari ili kichwa kizunguke. Ni kazi ya kubahatisha. Ukigonga kidogo, haiendi. Ukizidisha, kichwa kinaruka. Bolti ya tatu haikutaka hata kusikia. Ilikuwa ya chuma ndani ya injini ya alumini, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja kwenye mvua miaka na miaka, vinashikana kuliko ndugu. Dawa yake ni moto.

Wakafunga koki ya petroli, wakalichomoa tangi, wakamwaga petroli iliyokuwa ndani ya kabureta kwenye kikombe. Tangi walilipeleka ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha mama mmoja fundi cherehani, ambaye aliacha kukanyaga mashine akawatazama juu ya miwani.

"Mnaniwekea bomu mlangoni?"

"Limefungwa, mama. Ni la dakika chache tu."

"Dakika za mafundi nazijua. Nina sare za shule hapa, zikinuka petroli utazivaa wewe." Lakini alisogeza kiti chake, na baadaye akalitupia tangi kitambaa ili jua lisilichome.

Taratibu aliwasha mtungi wake mdogo wa gesi, akaupeleka moto kwenye alumini kuizunguka bolti, akiukwepesha na kurudi, mpaka mafuta yaliyokuwa yamejipenyeza yakaanza kutoa moshi mweupe. Akazima. Akagonga. Ikasogea kwa upana wa unywele. Akamwagia mafuta, ikalia chwaa, akagonga tena. Bandu bandu, ikatoka. Moto wa gesi ulipepesuka ukazimika wenyewe. Mtungi ulikuwa umekwisha.

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Mke wake Taratibu alipiga simu, na kwa kuwa simu ilikuwa na sauti kubwa, Mkate alisikia kila neno.

"Mdogo wangu amepata stika?"

"Bado bolti moja."

"Tangu asubuhi?"

"Zilikuwa nne, mama watoto."

"Mkewe yuko hapa amekaa mlangoni. Anasema kiwandani wameshamuuliza jirani yake kama kesho ataweza kupakia. Mimi mdogo wangu simwambii kitu. Nakwambia wewe tu."

Mkate aligeuka akatazama barabara. Taratibu hakumwambia pole, kwa maana pole ingekuwa kukiri kwamba wameshindwa. Alishika tindo, akapiga magoti, na hapo akafanya kitu ambacho kwa jina lake hakupaswa kukifanya. Aliharakisha.

Pigo la kwanza lilikuwa zuri. La pili pia. La tatu lilibeba koleo lililochukuliwa, na maneno ya mke wake, na jirani wa Mkate anayeulizwa kama ataweza kupakia. Kichwa cha bolti kiliruka, kikagonga ukuta, kikadunda mpaka kwenye mfereji. Bati lilianguka lenyewe. Kilichobaki kwenye injini kilikuwa kisiki kifupi, kimevunjikia juu kidogo ya tundu, hakishikiki.

Mama cherehani ng'ambo alikuwa ameacha kushona.

"Si basi?" Mkate alisema. "Bati limetoka. Namba hiyo hapo."

"Bati limetoka, ndiyo. Lakini hiyo bolti inashika mguu wa injini pia. Ukitembea hivi, injini itacheza, mpaka ufike yadi umepasua tundu jingine. Wakaguzi nao watasema injini haijafungwa." Alijifuta jasho, akajipaka grisi usoni bila kujua. "Mimi nimeharibu. Tutatoboa."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi kama kawaida ya siku zile, kwa hiyo drili ilikaa ukutani kama pambo. Taratibu alitoa keekee ya mkono ya baba yake, ile ya kuzungusha mpini huku umeisukuma kwa kifua. Akapiga alama katikati ya kisiki, akaanza kutoboa. Mviringo, mviringo, anapuliza unga wa chuma, mviringo. Bega lilipogoma, Mkate aliipokea.

"Isimame wima," Taratibu alimwambia. "Ikilala, unaingia kwenye alumini, na alumini haisamehe."

"Shemeji, hivi unajua nimebeba mikate miaka yote hii sijawahi kula ule wa moto? Kila siku nawahi, narudi na kreti tupu."

"Sukuma kwa kifua, si kwa mdomo."

Walipokezana hivyo mpaka kisiki kikabaki kama ganda, Taratibu akalikunja kwa ndani akalitoa kwa kibanio. Akachonga meno mapya kwenye tundu, mapana kidogo kuliko ya zamani. Mkate akakimbia kwa Mama Vipuri, akarudi na bolti nne mpya zinazong'aa, zenye tundu kichwani kama zile za zamani, moja nene kidogo kuliko wenzake. Mama Vipuri alizitoa kwa mkopo akamwambia asimwambie mtu, maana akikopesha mmoja anakuja mtaa. Zile bolti Taratibu alizipaka grisi, akaifunga ile ya mguu wa injini kwa funguo ya kawaida, ikaingia laini bila kulazimishwa. Kitu kidogo tu, lakini alijisikia vizuri.

Kisha wakasugua namba kwa brashi ya waya na petroli. Tope la mvua za miaka yote likateremka jeusi, na tarakimu zikatokea moja moja. Mkate alishika kadi akawa anasoma, Taratibu anafuata kwa kidole. Zililingana zote. Mkate alicheka peke yake kama mwendawazimu.

Walifunga tangi, wakafunga bati nyuma kwa mpira, Taratibu akapanda, akaweka mkoba wa zana na gunia lake mapajani. Fundi haachi mkoba wake, hasa siku ambayo ameshapoteza koleo.

Yadi ilikuwa uwanja mpana uliojaa pikipiki, zimesimama bega kwa bega, nyingine bila vioo, nyingine bila taa, moja bila tairi la mbele. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka mahali, pakazibwa kwa miiba. Vijana walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya pikipiki zao, kimya, nyuso zimekauka. Foleni ilitembea kidogo kidogo. Zamu yao ilipofika, jua lilikuwa limeanza kulegea.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevua viatu vya kazi akavaa ndala. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Shikamoo, mama," Mkate alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kadi." Akainama kabisa, akawasha tochi ya simu, akasoma namba yote bila kuruka tarakimu hata moja. Taratibu alimheshimu kwa hilo. Akainuka ameshika kiuno. "Safi. Inasomeka vizuri. Wengine wananiletea matope. Mmefanya kazi."

"Siku nzima, afisa," Taratibu alisema.

"Inaonekana usoni." Akaandika. "Sasa iacheni pale mwisho, mje kesho."

Mkate alidhani hakusikia. "Stika?"

"Stika anasaini bosi. Bosi ameshaondoka, ana kikao."

"Basi narudi nayo kesho asubuhi."

"Ikishaingia ukaguzi haitoki bila stika. Ndiyo utaratibu. Wote hawa unaowaona, ni hivyo hivyo." Alisema kwa upole, kama mtu aliyelisema neno hilo tangu asubuhi na kuzomewa kila mara. "Kesho mapema atasaini. Kiwandani utachelewa kidogo tu."

Taratibu alikuwa akiitazama ile pikipiki isiyo na tairi. "Hii ililetwa hivi?"

Mkaguzi aligeuza ukurasa wa daftari lake.

"Na hizi zisizo na taa?"

"Mlinzi ni mmoja, mzee, na ukuta unauona. Tumeandika barua."

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi nyuma yake. Ndani, kati ya meza na kabati la mafaili, ilisimama pikipiki ndogo nyekundu, imefutwa vizuri, imefungwa mnyororo kwenye mguu wa meza. Taratibu aliiona, na mkaguzi akaona kwamba ameiona.

"Ni yako, afisa?"

"Yangu," alisema. Akashusha macho kwenye ndala zake. "Narudi nayo nyumbani. Mchana ndiyo inakaa humo."

"Mchana," Taratibu alisema.

"Mchana."

Mkate aliisukuma yake mpaka mwisho wa safu, karibu na miiba. Kabureta ilikuwa wazi ubavuni, imesuguliwa, inang'aa, bolti mbili tu za kuifungua. Alisimama akaishika mpini, hataki kuuachia. Shingo yake ilionekana nyembamba, na Taratibu akakumbuka siku mke wake alipomleta nyumbani akiwa mtoto mwenye suruali ya kuazima. Akamwonea huruma.

"Shemeji," Mkate alisema, "kikulacho..."

"Usimalizie. Nipe bati."

"Bati la nini?"

"Nipe bati, kijana."

Taratibu alipiga magoti kwenye changarawe. Aliliegesha bati mahali pake, akaichomoa ile bolti ya mguu wa injini akaipitisha kwenye bati, akaingiza na zile nyingine tatu, akazikaza mpaka bega lilipolia. Namba ikafunikwa tena. Halafu akatoa kopo kwenye mkoba, akachagua gololi, akaiweka kwenye tundu la bolti ya kwanza, akanyanyua nyundo.

Yadi nzima ilisikia. Tak. Tak. Vijana waliinua vichwa. Mkaguzi alikuja na ndala zake, akasimama juu yake.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nafunga bolti, afisa."

"Bosi kesho atataka kuiona namba kwa macho yake."

"Kesho nitafungua."

"Si umesema imekuchukua siku nzima?"

"Siku nzima, ndiyo." Akaweka gololi ya pili. "Na kesho nyingine."

"Unatuita wezi?"

"Sijamwita mtu, dada yangu. Ningekuwa na meza ya kuifungia kwa mnyororo, ningeifunga."

Mkaguzi aliitazama miiba, mikono kiunoni, akautazama mlango wa ofisi yake. Kisha akajipangusa vumbi machoni kwa kiganja. "Mimi nimeshafunga kazi," alisema. "Sijaona kitu." Akarudi ndani, na baada ya kitambo wakasikia mnyororo ukifunguliwa.

Taratibu alimaliza ya nne. Alipojaribu kuinuka, magoti yalikataa, Mkate akamshika kwapani. Mbele yao alikuwa amesimama kijana asiyemjua, ameishika pikipiki yake mpini, na nyuma yake mwingine, na nyuma ya huyo, mzee mmoja mwenye helmeti iliyopasuka.

"Fundi," yule wa kwanza alisema, "za kwangu pia zina tundu hivyo hivyo. Una gololi nyingine?"

Taratibu alilitikisa kopo karibu na sikio. Zilikuwamo. Alilitandaza gunia lake kwenye changarawe, akapiga magoti tena, polepole, kwa ajili ya bega.

"Pangeni foleni," alisema. "Na kesho kila mtu aje na tindo yake."